Kuleta Pikapu Kuukuu Nyumbani: Kutoka Shambani Limuru Hadi Uani Donholm

Gari lililolala miaka mingi haliburutwi, linabebwa. Nalisema hili kabla ya jingine lolote kwa sababu ukinunua pikapu kuukuu ya kufufua hapa Nairobi, mtu wa kwanza utakayempa habari atakuambia, "Tafuta kamba tu, kuna jamaa ana lori lake la Canter, Jumapili tunaivuta." Atakuwa na nia njema. Usikubali.

Mimi niliwahi kukubali. Ilikuwa Datsun 1200 ya baba mdogo, tuliyoitoa Uthiru kuipeleka mjini. Binamu yangu alikaa kwenye usukani wa Datsun, mimi nikawa mbele kwenye gari la kuvuta. Mpaka Kangemi mambo yalikuwa shwari. Tulipoanza kuteremka Waiyaki Way kuelekea Westlands, matatu ikasimama ghafla mbele yangu, nikafunga breki, na binamu akakanyaga pedali ambayo haikuwa na kitu. Breki zilizokaa miaka sita bila kazi zilikuwa zimeshika jana yake tulipozijaribu uani. Siku ile ziliachia zote kwa mkupuo. Datsun ikanigonga nyuma, bampa ikalala, rejeta ikapasuka, na grili ya mbele, kitu ambacho mpaka leo sijapata kingine kama hicho, ikavunjika vipande vitatu. Binamu alitoka mzima, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo sijamfungia mtu kamba.

Pikapu ninayoisimulia hapa ni Peugeot 504. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa kwa nini nilihangaika nayo. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, ikashinda Safari Rally hapa kwetu mwaka 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya kupe, yaani ya milango miwili. Ufaransa iliacha kuunda saluni yake mwaka 1983, lakini hapa Kenya 504 ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baadaye. Pikapu zake zilibeba maziwa, kabichi na mawe, na nyingine zikajengewa mabati nyuma zikawa matatu, abiria wakitazamana goti kwa goti. Yangu ilikuwa imelala miaka kumi na mmoja chini ya mkaratusi kule Limuru. Kama yako ni Datsun, Hilux ya zamani au Land Rover, mambo ni yale yale.

Karatasi kabla ya kamba

Mwenye pikapu alikuwa mama mmoja mjane. Tulikaa jikoni kwake, akanimiminia chai, akaniambia, "Mwanangu, hiyo gari ilisomesha watoto wangu wanne. Baba yao alikuwa anaamka saa tisa usiku kupeleka kabichi sokoni Marikiti." Nikamwuliza, "Mama, na logbuku, ile hati ya umiliki, iko kwa jina la nani?" Akanyamaza kidogo. Ilikuwa kwa jina la marehemu, naye hakuwa amefuata mirathi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pikapu nyingi za miaka hiyo zimeandikwa kwa majina ya wazee waliokwisha kutangulia. Barua ya chifu na cheti cha kifo ni mwanzo tu wa safari, havihamishi umiliki. Kinachohitajika ni hati ya mahakama inayompa mtu wa familia mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, na hati hiyo iwe imethibitishwa. Bila hiyo, hakuna mtu wa kukukabidhi gari kihalali kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, hata kama familia nzima imekushika mkono na kukubariki. Tuliandikiana mkataba kwa wakili, nikaweka arubuni, nikamwachia mama gari lake chini ya mti wake. Ilichukua miezi saba. Kuna watu waliniambia nilipoteza wakati; mimi naona nilinunua usingizi.

Kama mwenyewe yu hai, kazi ni fupi. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, omba rekodi ya gari kwa namba yake ya usajili, ulipe ada yake, usome jina la mmiliki na uone kama kuna benki au mkopeshaji mwenye haki juu ya gari. Kisha nenda shambani na karatasi hiyo mkononi, ulinganishe namba ya chesi, yaani fremu ya gari, na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Usiridhike na kibati kilichopigiliwa ribiti, maana kibati huhama. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli, sugua mpaka tarakimu zionekane, piga picha. Namba za zamani, zile za herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, ni za kabla ya mwaka 1989 ulipoanza mfululizo wa KAA, kwa hiyo usishangae ukiona sahani fupi. Na ukishanunua, usilaze jambo: Sheria ya Trafiki inakataza gari kutumika barabarani zaidi ya siku kumi na nne baada ya kuhamishwa umiliki bila mmiliki mpya kusajiliwa.

Siku ya kubeba, kaa na bahasha moja: mkataba wa mauziano, nakala ya logbuku, nakala ya kitambulisho cha muuzaji na chako, na rekodi ya NTSA. Askari wa trafiki akiona pikapu yenye kutu juu ya lori ana haki ya kuuliza imetoka wapi. Ukimpa bahasha kwa heshima, mazungumzo huisha haraka.

Nenda mara moja bila lori

Hii ndiyo safari ambayo watu huiruka, halafu wanalipa bredauni, lori la kubeba magari mabovu, saa tatu za kusubiri huku wakipigana na nati moja. Nenda wiki moja kabla, na rafiki mmoja, na vifaa: jeki mbili, vipande vya mbao ngumu, pampu ya upepo, wilispana yenye mkono mrefu, nyundo, mafuta ya kulegeza kutu, bisibisi kubwa, tochi, glavu.

Anza kwa kutazama, usiguse. Gari lililolala shambani ni nyumba ya watu wengine. Mimi nilikuta kuku ametaga chini ya kiti cha abiria, na nyuki wamejaa ndani ya matigadi ya kushoto. Nyuki si jambo la kuchezea. Tulimwita mzee wa kijijini anayefuga, akaja jioni na moshi wake akawahamisha. Angalia pia chini ya dashibodi na ndani ya boksi la kichujio cha hewa, panya hupenda hapo, na nyoka hufuata panya.

Kisha lala chini uitazame chesi. Chukua bisibisi uidunge penye wasiwasi: nyuma ya kabini ya dereva, mahali springi zinaposhikiliwa, na pale bodi inapokutana na chesi. Chuma kizima hutoa sauti kali na bisibisi inateleza. Chuma kilichokufa hutoa sauti ya mfu, na bisibisi inaingia kama kwenye muhogo uliooza. Unahitaji kujua hili sasa kwa sababu winchi itavuta kwenye chesi hiyo hiyo, na kilichooza kikishikwa na ndoano kitang'oka.

Sasa magurudumu, na hapa nitakaa kidogo.

Gari linaweza kupakiwa bila injini, bila gia, bila milango. Bila magurudumu yanayozunguka, ni kulikokota kama ng'ombe aliyekataa machinjio, na kila futi unayolikokota unaharibu kitu. Tairi za zamani zikiwa zimepasuka ubavuni hazifai hata kujazwa upepo karibu na uso wa mtu. Tafuta magurudumu manne ya kuazima yenye mashimo yanayolingana na bolti zako; hesabu bolti, pima umbali kati yake, usikisie. Nyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue asubuhi. Zisipolegea, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze; kutu huvunjika kwa kwenda pande zote mbili.

Ukishainua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likigoma, shida mara nyingi ni breki. Kwenye breki za mbele za diski, pistoni huwa zimeganda. Fungua ile skurubu ndogo ya kutolea upepo, presha iliyobaki itoke, halafu usukume pedi nyuma taratibu kwa bisibisi. Nyuma kwenye dramu ni kazi ya subira. Hakikisha handibreki imeachiliwa, na kama waya wake umeshika kutu, ulegeze kule chini. Rudisha nyuma kirekebishi cha breki shuu. Weka kipande cha mbao kwenye ukingo wa dramu, upige nyundo ukizunguka, pigo dogo huku, pigo dogo kule. Usipige chuma kwa chuma, dramu ni chuma cha kumwaga na hupasuka. Gurudumu la nyuma kulia la 504 yangu lilichukua saa mbili na nusu. Lilipoachia lilitoa mlio kama wa mlango wa ghala, unga mwekundu wa kutu ukamwagika kwenye nyasi, na mama mwenye nyumba aliyekuwa akituangalia akapiga makofi.

Baada ya hapo hakikisha gia iko huru. 504 nyingi za pikapu gia yake iko kwenye usukani, na vyuma vinavyounganisha mkono huo na giaboksi huganda. Mkono unaweza kuonyesha huru huku giaboksi iko kwenye gia ya pili. Ingia chini usukume mwenyewe kwa mkono mpaka gurudumu la nyuma lizunguke bila kugusa injini. Angalia pia kufuli ya usukani: bila ufunguo, magurudumu ya mbele hayatakata kona, na utahitaji fundi wa funguo kabla ya siku ya lori.

Mwisho wa siku hiyo toa betri, toa petroli ya zamani kama ipo, na uchukue nyumbani kila kitu kilicholegea: taa, vioo vya pembeni, vifuniko vya magurudumu, nembo ya simba. Vitu vidogo hivyo ndivyo hupotea njiani.

Lori la namna gani

Mjini kuna bredauni za aina mbili. Ile ya ndoano huinua upande mmoja wa gari na kuacha magurudumu mawili chini. Ile bapa, flatibedi, huteremsha sakafu yake nzima, gari linapanda na kukaa juu.

Chukua flatibedi. Ikishindikana kabisa, na umelazimika kutumia ya ndoano, basi pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma iinuliwe nyuma, usukani ufungwe kwa mkanda ukiwa umenyooka. Ukiiinua mbele na kuacha ya nyuma yazunguke, shafti ya kutokea kwenye giaboksi inazunguka huku injini imezima, na gia za chini ambazo kazi yake ni kurusha mafuta huko juu zimesimama. Kilomita thelathini kwa namna hiyo, juu ya mafuta yaliyokaa miaka kumi, zinatosha kuua giaboksi iliyokuwa nzima.

Kuhusu breki pia, usidanganyike na pedali nzuri. Injini ikiwa imezima busta, kile kinachoongezea mguu nguvu, haisaidii, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, hata kwenye gari lililotoka gereji jana.

Unapopatana bei, taja kila kitu kwenye simu: gari haliwaki, uzito wake ni kama kilo 1,200 likiwa tupu, lipo shambani na si kando ya lami, litahitaji winchi, na linashukia wapi. Uliza kama bei ina muda wa kusubiri ndani yake, na kama lori lina bima ya mzigo linalobeba. Mwambie akutumie ujumbe wenye bei hiyo. Kuna dereva mmoja aliyewahi kunipandishia bei gari langu likiwa tayari limefungwa juu ya lori lake, na pale huna la kufanya.

Tembea njia ya kutoka shambani kwa miguu. Pima lango. Angalia matawi na nyaya za stima, kwa sababu pikapu ikiwa juu ya flatibedi inapanda juu kuliko unavyofikiri. Na usijaribu Limuru wakati wa masika, Machi hadi Mei. Ule udongo mwekundu ukilowa, lori la kukuokoa ndilo litakalohitaji kuokolewa. Sisi tulingoja Agosti.

Kupakia na kufunga

Dereva wa flatibedi anajua kazi yake, lakini hajui gari lako. Kaa naye. Winchi ishikwe kwenye chesi au kwenye kishikio cha kuvutia, kamwe isishikwe kwenye bampa, wala kwenye vyuma vya usukani. Ni afadhali mnyororo mfupi wenye miguu miwili, kulia na kushoto, ndipo gari lipande limenyooka. Mtu mmoja aongoze usukani kutoka nje, dirishani, asikae ndani. Mwingine atembee kando na kabari ya mbao, akiiweka nyuma ya gurudumu kila baada ya hatua. Na asiwepo mtu yeyote nyuma ya gari wala mbele ya waya wa winchi. Waya ukikatika hurudi kwa kasi ambayo jicho halioni.

Gurudumu moja likigoma tena pale pale, msilazimishe. Wekeni ubao bapa chini yake, mwagieni sakafu ya lori mafuta kidogo au maji ya sabuni, litateleza.

Juu ya lori funga pembe nne. Mimi napenda mikanda ya kukaza, ile yenye kishikio cha chuma unachopiga mbele na nyuma, ipite juu ya magurudumu yenyewe. Gurudumu likifungwa, bodi inaweza kuruka na springi zake bila kulegeza mkanda. Ukifunga bodi peke yake, kila shimo la barabara linakandamiza springi, mkanda unalegea, na baada ya mashimo ishirini gari linacheza. Mnyororo usiguse bomba lolote la breki. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu.

Halafu boneti. Kufuli yake ina kutu, na upepo wa barabara kuu una nguvu. Pitisha kamba juu yake mara mbili, uifunge chini pande zote. Vivyo hivyo mlango wa nyuma wa bodi, na milango ya kabini. Kioo cha mbele kikiwa na ufa, kibandike selotepu pana kwa ndani na nje.

Piga picha pande zote nne gari likiwa juu, dereva wa lori akiwepo. Si kumshuku, ni kuwalinda nyote wawili.

Njia

Tuliondoka Limuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Ukipita kwa Waiyaki Way utaingia mjini kati. Sisi tulikata Gitaru, tukashika Southern Bypass mpaka Mombasa Road, tukazunguka kwa Airport North Road hadi Taj, kisha Outering mpaka Donholm. Ni mbali kidogo lakini kona ni chache, na hakuna pahali pa kusimama na kuanza, kusimama na kuanza, mwendo ambao hulegeza mikanda kuliko wowote.

Kwenye mteremko wa kutoka Rironi, dereva aliacha gia ndogo ifanye kazi ya breki. Baada ya kilomita kumi hivi tulisimama pahali pana kando ya barabara, tukaweka laifseva, ile pembetatu ya kuonya magari, nyuma, tukakaza mikanda yote. Mmoja ulikuwa umelegea nusu inchi. Tulisimama tena karibu na Lang'ata, haukuwa umesogea.

Kufika uani

Zungumza na majirani na keateka, msimamizi wa nyumba za mtaa wenu, mapema. Waambie gari linakuja, litakaa wapi, na kwamba halitamwaga oili kwenye maegesho. Usiliache barabarani hata usiku mmoja: litaitwa gari lililotelekezwa, na asubuhi litakuwa halina taa. Pima pia ule upau wa chuma kwenye lango la kuingilia mtaa. Wetu ulikuwa mfupi kuliko lori lenye mzigo, ikabidi tushushe pikapu nje na kuisukuma mita mia mbili, vijana wanane wa mtaa na soja wetu, mlinzi wa lango, wakiimba. Magurudumu yaliyozunguka yalitulipa saa zile zote za shambani.

Iweke pahali palipo sawa, magurudumu yapewe kabari, na kama itakaa muda mrefu uiinue juu ya stendi imara, si juu ya mawe ya kujengea. Ukiifunika, turubai lisiguse rangi moja kwa moja. Acha pahali pa hewa kupita, la sivyo jasho la usiku litaendelea kula bati.

Na watu watakuja. Kila mmoja atasema, "Weka betri tuisikie." Ngoja. Injini iliyolala, pete za pistoni huwa zimeshikana na silinda, na stata ikiisukuma kwa nguvu inaweza kuzivunja. Toa plagi zote nne, mimina oili kijiko kimoja kimoja kwenye kila shimo, uiache siku tatu. Kisha weka spana kwenye nati ya puli ya mbele ya kranki na uvute pole pole, kwa mkono mmoja, bila kuongeza bomba la kurefusha spana.

Yangu ilikaa kimya siku ya tatu. Siku ya nne nikaongeza oili. Siku ya sita, Jumamosi jioni, spana ilisogea kama upana wa kidole, ikasimama, ikasogea tena, na kwenye shimo la plagi ya tatu nikasikia pumzi ndogo ikitoka.